Nuru na Joto: Habari za Taa za Kuoteshea Mimea

1. Mchana mfupi wa nchi za kaskazini

Watu wakaao karibu na Ikweta hawalistaajabii jua. Huchomoza saa kumi na mbili asubuhi, likachwa saa kumi na mbili jioni, Januari kama Julai, na tofauti yake ni dakika chache tu. Mkulima wa Naivasha au wa Morogoro hufikiri habari za mvua, na za mbolea, na za wadudu, lakini hajiulizi hata siku moja, "Je, mwaka huu jua litatosha?"

Sivyo ilivyo katika nchi za kaskazini. Huko Uholanzi, katika mwezi wa Desemba, jua hutoka karibu na saa tatu kasorobo asubuhi, nalo huchwa saa kumi na nusu jioni. Na hata katika muda huo mfupi mara nyingi hufunikwa na mawingu mazito. Katika mji wa Tromsø, ulioko Norwei, mbali zaidi upande wa kaskazini, jua halichomozi kabisa tangu mwisho wa Novemba hata katikati ya Januari.

Hata hivyo watu wa nchi hizo hula nyanya na saladi wakati wa baridi, nao hupenda kuweka maua mezani. Basi wakulima wao wamejenga nyumba kubwa za vioo, wakazitia joto ndani, wakatundika taa juu ya mimea ili zifanye kazi ya jua.

Lakini jua halidai malipo. Taa hula umeme, na umeme hununuliwa. Taa mbili zaweza kung'aa sawasawa machoni pa mtu, na kumbe moja yamletea faida na ya pili yamfilisi. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraina, bei za gesi na umeme, zilizokuwa zimekwisha kuanza kupanda, zilizidi kupanda mno katika Ulaya. Katika majira ya baridi yaliyofuata, wakulima wengi wa Uholanzi walizima taa zao, na wengine wakaziacha nyumba zao tupu bila kupanda kitu. Siku zile kila mwenye nyumba ya vioo alilazimika kujiuliza maswali mawili: Katika umeme ninunuao, ni kiasi gani kinachokuwa nuru ya kuilisha mimea yangu? Na kile kinachobaki, ambacho ni joto, kinakwenda wapi?

2. Kazi ya jani

Ili kuyajibu maswali hayo, yafaa kwanza kujua jani linafanya nini na nuru. Jani ni kama jiko la mmea. Mizizi huleta maji kutoka ardhini. Vitundu vidogo vya jani huingiza hewa ya ukaa. Na nuru ndiyo moto wa jiko hilo. Kwa nguvu za nuru, maji na hewa ya ukaa huungana kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo asili ya chakula chote cha mmea, na kwa hiyo ya chakula chote cha wanyama na wanadamu.

Tena si kila nuru ina kazi ile ile. Nuru ya jua ni mchanganyiko wa rangi nyingi, kama ionekanavyo katika upinde wa mvua. Jani hulinyakua zaidi pindo jekundu na pindo la buluu la upinde huo. Rangi ya kijani nayo hutumika, ila sehemu yake hurudishwa nyuma, na ndiyo sababu majani huonekana ya kijani. Nje ya upinde, kupita pindo jekundu, iko mionzi mingine isiyoonekana kwa macho. Mtu huisikia katika ngozi yake akikaribia moto. Hiyo ni mionzi ya joto. Haipiki chakula katika jani hata kidogo. Hulipasha moto tu.

Joto kidogo humfaa mmea, kama limfaavyo mtoto mchanga. Joto likizidi, jani hupoteza maji upesi kuliko mizizi iwezavyo kuyaleta, nalo hunyauka. Likizidi tena, huungua.

3. Mtu aliyetangulia kujaribu

Miongoni mwa watu waliojaribu kwanza kuotesha mimea kwa nuru ya umeme alikuwako mhandisi mmoja, mzaliwa wa Ujerumani aliyekaa Uingereza, jina lake William Siemens. Mwaka 1880, nyumbani kwake karibu na mji wa Tunbridge Wells, alitundika taa yenye nguvu nyingi iliyowaka kwa cheche ya umeme irukayo kati ya vijiti viwili vya kaboni. Chini yake aliweka mimea ya namna nyingi. Mingine aliiacha gizani, mingine akaipa jua peke yake, mingine akaipa taa peke yake, na mingine akaipa jua mchana na taa usiku. Ile iliyopata vyote viwili ilistawi kuliko yote.

Hata hivyo aliona jambo la pili. Mimea iliyokaa karibu na taa isiyo na kifuniko ilikunjamana majani na kunyauka. Alipoweka kioo katikati, madhara yalipungua, kwa kuwa kioo huzuia mionzi mikali isiyoonekana. Tena Siemens hakupenda kupoteza kitu. Mashine iliyozalisha umeme wake iliendeshwa kwa mvuke, na mvuke ule ulipokwisha kufanya kazi yake aliupitisha katika nyumba za mimea uzipashe joto. Tangu siku zile hata leo, shauri la taa za mimea limekuwa ni hilo hilo: kupata nuru nyingi, na kulitawala joto.

4. Jicho la mtu si kipimo cha mmea

Mtu anunuapo taa, hutazama jinsi ing'aavyo. Kumbe jicho la mtu hupenda rangi ya kijani na ya manjano kuliko nyingine, nalo huzidharau nyekundu na buluu. Taa nyekundu ionekanayo hafifu yaweza kuwa karamu kwa jani. Kwa hiyo wataalamu wa mimea hawapimi kwa jicho. Wao huhesabu chembe za nuru, ambazo jina lake ni fotoni, kwa maana jani hulishwa kwa chembe, moja baada ya moja.

Chembe hizo ni nyingi mno, hazihesabiki moja moja. Kama wauza nguo wahesabuvyo kwa korja, yaani vitu 20 pamoja, wataalamu huhesabu fotoni kwa mikromoli. Mikromoli moja ni zaidi ya fotoni milioni 600 zikizidishwa kwa milioni 1,000. Nguvu za umeme nazo hupimwa kwa jouli. Taa ya wati 1 hula jouli 1 katika kila sekunde. Basi swali la mkulima ni fupi: Kwa kila jouli moja ninayolipia, taa hii hunipa mikromoli ngapi?

Jambo hili laweza kufahamika kwa mfano. Mtu amejaza mtungi vibaba 100 vya maji kisimani, naye anakwenda kumwagilia mche wake. Mtungi ukiwa mzima, maji yote hufika. Mtungi ukiwa na ufa, mengi humwagika njiani. Umeme ni maji yale, taa ni mtungi, na nuru ni maji yaufikiayo mche. Yaliyomwagika ni joto.

5. Mitungi minne

Taa ya uzi. Hii ndiyo taa ya kioo cha mviringo iliyotumika majumbani kwa zaidi ya miaka 100. Ndani yake mna uzi mwembamba wa madini ya tangsteni. Umeme upitapo, uzi hupata moto hata digrii 2,500 za sentigredi hivi, ukang'aa. Hung'aa kwa sababu umepata moto tu, kama chuma katika tanuri ya mhunzi. Na kitu kama hicho hutoa mionzi ya joto nyingi na nuru kidogo. Katika vibaba 100 vya umeme, 5 hivi au zaidi kidogo ndivyo huwa nuru. Mmea ukiwekwa mbali nayo hukosa chakula, ukiwekwa karibu huungua. Tena taa hii hudumu saa 1,000 hivi, na ikiwashwa saa 16 kila siku, huo ni muda wa miezi miwili tu.

Taa ya mrija, ambayo wengi huiita tyubu. Ilianza kuuzwa mwaka 1938 huko Marekani. Ndani ya mrija mna mvuke kidogo wa zebaki. Umeme huushtua mvuke huo nao hutoa mionzi isiyoonekana. Unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huipokea mionzi hiyo na kuigeuza kuwa nuru. Hapana uzi wa kuchemshwa mpaka ung'ae, kwa hiyo ngozi ya mrija huwa na digrii 40 hivi tu, na miche yaweza kukaa shibiri moja chini yake bila kudhurika. Katika vibaba 100, karibu 20 hufika. Ila zebaki ni sumu, na mrija ukivunjika haufai kuchezewa. Kwa sababu hiyo mataifa ya Mkataba wa Minamata yalikubaliana mwaka 2023 kukomesha kutengenezwa kwa taa hizo, na biashara yake kati ya nchi na nchi.

Taa ya sodiamu. Hii ni ile taa ya rangi ya chungwa iliyojulikana sana katika barabara za miji. Iliingia sokoni katika miaka ya 1960. Katikati yake mna kijibomba chenye mvuke wa sodiamu, ambacho huwaka na kupata moto zaidi ya digrii 1,000. Zile za kale huifikisha mimea vibaba 20 katika 100. Zilizo bora kabisa hufikisha karibu 35. Kwa miaka mingi taa hii ndiyo iliyotawala katika nyumba za vioo za Ulaya. Lakini joto lake hushuka pamoja na nuru yake, kama jua la mchana, hata yapasa kutundikwa juu sana, mita nzima na zaidi kutoka majani.

Taa ya LED. Hii haina uzi, wala mvuke, wala kioo cha kuchemka. Ni kijipande cha madini, kidogo pengine kuliko punje ya mtama, ambacho umeme ukipita ndani yake hutoa nuru moja kwa moja. Mwaka 1962 Nick Holonyak wa Marekani alitengeneza yenye nuru nyekundu inayoonekana. Iliyotoa nuru kali ya buluu iliwashinda watu kwa miaka mingi, mpaka Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipoipata mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Tangu nyekundu na buluu zilipopatikana pamoja, mkulima aliweza kuchagua rangi zile zile alazo jani. Taa hizi zikiwa nzuri, katika vibaba 100, zaidi ya 50 hufika. Tena hudumu saa 50,000 hivi, yaani zaidi ya miaka 8 kwa saa 16 kila siku. Ila bei yake ya kununulia ni kubwa kuliko ya taa nyingine, na zile hafifu hazifikii kipimo hicho.

6. Hesabu ya kitalu kimoja

Maneno hupita, hesabu hubaki. Na lifikiriwe tuta la saladi la mita moja ya mraba, ndani ya chumba kisicho na dirisha. Ili saladi ikue vizuri hupewa mikromoli 200 katika kila sekunde, kwa muda wa saa 16 kila siku. Taa zote nne zapaswa kutoa nuru ile ile. Tofauti ni umeme zitakaokula. Uniti 1 ya umeme ni wati 1,000 kwa saa 1. Ikiwa nuru yote huangukia saladi, hesabu ni hii:

Taa ya uzi hutoa mikromoli 0.3 kwa jouli. Itahitaji wati 667, nayo itakula uniti 10.7 kwa siku.

Taa ya mrija hutoa mikromoli 0.9 kwa jouli. Itahitaji wati 222, nayo itakula uniti 3.6 kwa siku.

Taa bora ya sodiamu hutoa mikromoli 1.7 kwa jouli. Itahitaji wati 118, nayo itakula uniti 1.9 kwa siku.

Taa nzuri ya LED hutoa mikromoli 2.5 kwa jouli. Itahitaji wati 80, nayo itakula uniti 1.3 kwa siku. Ziko na nyingine zipitazo mikromoli 3, ambazo hula pungufu ya hapo.

Kwa mwezi wa siku 30, taa ya uzi itakuwa imekula karibu uniti 320, na ile ya LED karibu uniti 38. Saladi ni ile ile, na nuru ni ile ile. Aliyetumia taa ya uzi amelipa zaidi ya mara 8, na malipo mengi zaidi ameyapata kuwa joto ambalo hakuliomba.

7. Joto huenda wapi?

Hapa watu wengi hukosea. Mtu huipitisha mikono yake chini ya taa ya LED, asisikie moto, akasema, "Taa hii haina joto." Hilo si kweli. Akiugusa mgongo wa taa hiyo ataona kwamba una moto. Joto la LED halishuki pamoja na nuru. Hubaki nyuma ya vile vijipande. Kwa hiyo watengenezaji huvibandika juu ya bamba la alumini lenye mbavu nyingi, ili hewa ipite kati ya mbavu na kulichukua joto. Mbavu zikijaa vumbi, au hewa isipopita, vijipande hupata moto, nuru yao hupungua, na maisha yao huwa mafupi. Tofauti ya taa hizi, basi, si kwamba moja ina joto na nyingine haina. Taa ya uzi na ya sodiamu humrushia mmea joto usoni. Taa ya LED hulitoa mgongoni.

Kuna jambo la pili, nalo ni kubwa zaidi. Na turudiwe na mfano wa mtungi. Maji yaliyomwagika njiani yalilowesha ardhi. Lakini maji yaliyoufikia mche nayo yaliingia katika ardhi ile ile. Vivyo hivyo nuru yenyewe, ikiisha kupiga majani, na kuta, na sakafu, hugeuka kuwa joto. Mmea huweka akiba sehemu ndogo tu katika sukari yake. Kwa hiyo katika chumba kilichofungwa, wati 100 za taa ya LED hukipasha chumba karibu sawasawa na wati 100 za taa ya uzi, au na jiko la umeme la wati 100. Hapana taa iwezayo kukwepa sheria hiyo, kwa maana nguvu hazipotei, hubadilika tu.

Je, faida ya LED iko wapi? Iko katika kuhitaji wati chache tangu mwanzo. Tuta lile la saladi huingiziwa wati 80 za joto badala ya wati 667. Na kama chumba hupozwa kwa mashine, mashine nayo hula umeme. Ikiwa kwa kila wati 3 za joto inazotoa nje hula wati 1, basi taa ya uzi itamzidishia mwenyewe wati 222 nyingine, na taa ya LED wati 27 tu. Hivi ndivyo aliyenunua mtungi wenye ufa alipavyo mara mbili: hulipa kwa maji yaliyomwagika, kisha hulipa tena kwa kukausha njia.

8. Kila taa na mahali pake

Hata hivyo joto si adui sikuzote. Katika nyumba ya vioo ya Uholanzi, usiku wa Januari, joto lina thamani. Taa za sodiamu ziliipa mimea nuru, na joto lake lilisaidia kuipasha nyumba. Wakulima wengine walipoziondoa na kuweka LED, waliona bili ya umeme imeshuka, lakini majani yamepoa na mimea inakua polepole. Iliwabidi kuongeza joto katika mabomba ya maji ya moto. Kwa sababu hiyo wako waliochanganya, wakaweka safu za sodiamu na safu za LED pamoja. Lakini joto litokalo katika taa mara nyingi ni ghali kuliko joto la mabomba, na tena haliwezi kupatikana bila kuwasha nuru. Kwa hiyo mwenye busara hulihesabu kama msaada tu.

Penye chumba kilichofungwa, ambamo mimea hupandwa juu ya vichanja, kimoja juu ya kingine, mambo ni mengine. Hapo taa ya sodiamu haiwezi kutumika, kwa maana kati ya kichanja na kichanja hapana nafasi ya kuitundika mbali, na saladi ingeiva kabla ya kuvunwa. LED yaweza kukaa karibu na majani. Hata katika nyumba za nyanya, wako wanaotia fito za LED katikati ya mashina, ili majani ya chini yaliyofunikwa na kivuli yapate nayo sehemu yake.

Na mahali pagumu kuliko pote ni kituo cha anga kizungukacho dunia, ambako kila wati lina hesabu na joto ni taabu kuliondoa. Huko pia zilichaguliwa LED. Bustani ndogo iliyopelekwa mwaka 2014 ilizaa saladi nyekundu, na mwezi wa Agosti mwaka 2015 wanaanga waliila.

9. Taa isiyo na bili

Adhuhuri katika nchi za Ikweta, mbingu zikiwa safi, jua humimina mikromoli 2,000 hivi kila sekunde juu ya kila mita moja ya mraba. Hiyo ni mara 10 ya nuru iliyopewa tuta la saladi. Mtu akitaka kuleta nuru kama hiyo kwa LED nzuri, atahitaji wati 800 kwa kila mita ya mraba. Shamba la ekari moja, lenye mita za mraba zaidi ya 4,000, lingehitaji wati zaidi ya milioni 3. Mwenyezi Mungu huwapa wakulima wa Ikweta nuru hiyo kila mchana, wala haleti bili.

Thamani yake imekwisha kuonekana katika vitabu vya hesabu. Mwaka 2007 Adrian Williams wa Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, alilinganisha maua ya waridi ya Kenya na ya Uholanzi yauzwayo Ulaya. Kwa maua 12,000 ya Kenya, pamoja na safari yao ya ndege, alipata kilo 6,000 hivi za hewa ya ukaa zilizotoka. Kwa maua 12,000 ya Uholanzi alipata kilo 35,000 hivi, kwa sababu ya nguvu zilizotumika kuzipasha joto na kuziangaza nyumba za vioo. Hesabu hiyo ni ya wakati ule, kabla ya taa za LED kuenea; lakini yaonyesha jinsi ilivyo ghali kutengeneza jua.

Basi mtu wa Afrika ya Mashariki mwenye miche ndani ya nyumba, asikimbilie dukani. Kwanza aisogeze dirishani, na kuta za jirani azipake chokaa nyeupe zirudishe nuru. Kama hapana dirisha na taa haina budi, asinunue kwa kung'aa kwake, wala kwa kuipapasa kama ina moto au haina. Aulize hula wati ngapi na hutoa mikromoli ngapi, kisha agawanye. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Umeme ni mali, na hupotea kimya, ukigeuka kuwa joto.

Maswali

1. Kwa nini mkulima wa Uholanzi huhitaji taa mwezi wa Desemba, na mkulima wa Naivasha hazihitaji kwa kuongeza urefu wa mchana wake wa Desemba?
2. William Siemens aliutumiaje mvuke uliokwisha kufanya kazi?
3. Mtu asema, "Taa ya LED haina joto." Mweleze kosa lake.
4. Taa moja hula wati 50 na kutoa mikromoli 100 kila sekunde. Nyingine hula wati 40 na kutoa mikromoli 100. Ipi ni bora, nayo hutoa mikromoli ngapi kwa jouli?
5. Tuta la saladi likiangazwa kwa taa ya mrija kwa siku 30, litakula uniti ngapi za umeme? Linganisha na taa ya LED.
6. Kwa nini wakulima wengine wa nchi za baridi huchanganya taa za sodiamu na za LED?